Sauti ya Shangazi na Kisanduku cha Mwangwi

Mimi ni mtu wa aibu. Nasema mapema ili usinitegemee kwa mambo makubwa. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, natazama dawati mpaka anipite aende kwa jirani yangu, na jirani akikosea ninaumia kama niliyekosea ni mimi. Wageni wakija nyumbani natoa shikamoo, napokea marahaba, kisha natafuta kazi ya jikoni hata kama haipo. Ndiyo maana nina daftari. Daftari halikuambii useme kwa sauti wenzako wasikie.

Haya yametoka kwenye daftari la likizo ya mwezi wa sita, nilipokuwa kidato cha tatu. Mengine niliyaandika siku ileile. Mengine nimeyaongeza sasa, kwa sababu siku ileile nilikuwa na furaha mno, na mtu mwenye furaha anaandika vibaya. Kuna ukurasa mmoja una neno "leo" tu, halafu mstari mrefu wa kalamu mpaka mwisho wa karatasi.

Tulikuwa tunakaa nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, upande ambao ukifungua mlango asubuhi mlima Hanang unakutazama usoni, kama haujavaa wingu. Baba ni dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Asili yetu ni Tlawi, huko juu Mbulu, ambako mashamba ni vipande vipande kwenye mteremko na kila mtu anaujua mpaka wake kwa jiwe. Baba alipopata kazi tukashuka naye. Shangazi, dada yake mkubwa, akashuka nyuma yetu na ng'ombe wawili, akisema hawezi kumwacha mdogo wake kwenye nchi tambarare isiyo na hata kilima cha kujikinga upepo. Ni kweli upepo ulikuwepo. Mwezi wa sita upepo huo ulipita juu ya ngano iliyoiva kutoka huku mpaka macho yanapoishia, na ukifika nyumbani ulikuwa na vumbi na baridi vyote pamoja.

Shangazi ndiye aliyeanzisha kwaya ya kigango chetu, na ndiye aliyeongoza. Walikuwa kumi na wawili, karibu wote watu wa milimani waliofuata kazi za shamba. Sauti yake ilifika kabla yake. Akiwa bado kwenye njia ya kisimani, mama alikuwa anaongeza maji kwenye sufuria ya chai. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya sauti ile. Mzee mmoja wa besi, aliyekuwa anatembea kutoka Hirbadaw kila siku ya mazoezi, alisema ni kama injini ya kombaini: ikizimwa ndiyo unagundua kwamba muda wote ulikuwa unaisikiliza. Shangazi alimjibu kwamba yeye naye ni kama breki ya kombaini, hasikiki mpaka mambo yameharibika. Walipendana sana wale wawili.

Siku moja tulikuwa tunamenya viazi, mama, shangazi na mimi. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Shangazi akaacha kumenya, kisu mkononi, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Halafu akasema, bila huzuni, kama mtu anayetaja kitu kilichokosekana dukani:

"Hapa watu wote wamenisikia. Hata ng'ombe wamenisikia. Mimi peke yangu ndiye sijaisikia sauti yangu."

Mama akasema si unajisikia ukiimba. Shangazi akatikisa kichwa. Alisema ukiwa ndani ya nyumba huwezi kuona paa lako. Kisha akaendelea kumenya. Usiku mimi niliandika maneno yale, kwa sababu nilikuwa na jambo karakana ambalo shangazi hakulijua bado.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kila siku saa sita nilikuwa napeleka chakula cha baba karakana. Siku moja baba alikuwa chini ya kombaini, miguu tu nje, nikakaa kumsubiri. Fundi umeme wa shamba, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata juani, akaniona nimekaa.

"Binti, una kidole?"

Nilikiangalia kidole.

"Hicho hicho kinatosha. Njoo unishikie hapa."

Juu ya pipa la oili alikuwa ameweka kinanda cha umeme. Mtaalamu mmoja wa kigeni alimaliza mkataba wake akamuuzia, pamoja na spika moja, maikrofoni moja, redio kaseti kubwa, na kisanduku kidogo cha bati ambacho nitakieleza. Alikuwa anatafuta waya uliolegea ndani, akataka mtu wa kushikilia noti moja isikatike. Nikabonyeza. Ikatoka sauti nene, iliyofunikwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikataka kutoa kidole kwa woga. Akasema usitoe. Kwa mkono wa pili akazungusha nobu moja, kile kitufe cha duara cha kuzungusha, polepole, na sauti ikafunguka. Ikafunguka kama mlango wa nyumba asubuhi, mwanga unaingia kidogo, unaingia zaidi, mpaka unaona kila kitu kilichomo. Kidole changu kilikuwa palepale, sijakisogeza. Nilicheka kwa sauti, mbele ya mafundi wote, na baba akatoa kichwa chini ya kombaini kuona ni nani.

Tangu siku hiyo chakula cha baba hakikuchelewa hata mara moja.

Kinanda kile kilikuwa na nobu nyingi, na juu ya kila nobu neno la Kiingereza. Fundi Kiingereza chake kilikuwa cha waya na fyuzi. Mimi nilikuwa na kamusi ya shule. Kwa hiyo tukagawana: yeye mikono, mimi maneno. Nobu ya kwanza iliandikwa "attack". Kamusi ikasema shambulio. Nikamweleza fundi kwa sauti ndogo kwamba hii inaonekana ni ya vita. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akaniambia achana na kitabu, izungushe, bonyeza, halafu wewe ndiye uniambie ni nini.

Nikaipeleka kushoto kabisa. Nilipobonyeza, sauti ikatoka palepale, kama mlango uliopigwa teke. Nikaipeleka kulia kabisa. Nikabonyeza: kimya. Halafu kwa mbali ikaanza kuja, ikikua taratibu, mpaka ikawa imekaa na sisi. Nikaelewa. Ile ni namna sauti inavyoingia. Kuna watu wanaingia kwa watu na neno lao tayari mdomoni, na kuna sisi tunaosimama kwanza uani, tunakohoa kidogo, tunasubiri mbwa watutangaze. Usiku niliandika kwenye daftari: ya kwangu mimi iko kulia kabisa.

Nobu ya mwisho ya safu ile ilikuwa namna ya kuaga. Ikiwa kushoto, unatoa kidole na sauti imekufa. Ikiwa kulia, unatoa kidole na sauti inaendelea kuaga, kama wageni wa kwetu Tlawi: anaaga ndani, anaaga mlangoni, anaaga tena uani, na akishafika njiani anageuka kuuliza habari za ndama. Nyingine ilitikisa sauti. Ukiizungusha sana, ni mtu anayeongea akiwa juu ya trela la trekta kwenye barabara yenye mabonde. Ukiizungusha kidogo, ni upepo juu ya ngano. Fundi aliyasikiliza maelezo yangu yote kwa makini, halafu akawa anayatumia. "Nipe ya wageni wa Tlawi," anasema, nami najua ni nobu ipi. Sijawahi kuongea na mtu mzima maneno mengi hivyo. Nadhani ni kwa sababu wote wawili tulikuwa tunaangalia mashine, hatuangaliani.

Kisanduku cha bati ndicho alichokipenda kuliko vyote. Kilikuwa cha mwangwi. Unaingiza waya wa maikrofoni upande huu, upande wa pili sauti inatoka na kurudi, na kurudi, na kurudi. Kilikuwa na nobu tatu: moja ya jibu lichelewe kiasi gani, moja ya lirudi mara ngapi, na moja ya liwe kubwa kiasi gani. Fundi alikitia mwangwi kila kitu. Alikohoa ndani yake akafurahi. Alimwita baba kwa maikrofoni, na jina la baba likatembea karakana nzima likiwatafuta watu.

Kasoro ilikuwa moja: fundi alichezeachezea kila nobu kila siku, na sauti nzuri tuliyoipata jana hakuna aliyekumbuka tuliipataje. Kwa hiyo nikaanza kuandika. Nilichora kila nobu kama uso wa saa na mshale wake. Hii saa tatu. Hii saa sita na robo. Hii saa mbili kasoro. Fundi alipoona ukurasa wa kwanza alisema kwamba yeye amefanya kazi ya umeme miaka mingi na hajawahi kufikiria hilo. Nilikwenda nyumbani nikipepesuka kama niliyekunywa.

Halafu ikaja habari ya uhamisho. Fundi alikuwa anapelekwa shamba la miwa, mbali, na angeondoka Jumatatu na lori la kwanza la ngano. Kinanda kingeondoka naye. Nilimwambia mama, mama akamwambia shangazi, na kesho yake shangazi alikuwa karakana na kibuyu cha maziwa mgando. Alimsalimu fundi kwa urefu unaostahili, habari za nyumbani, habari za Tanga, habari za afya ya wazazi, ndipo akaomba sauti yake irekodiwe. Fundi alidhani anataka kaseti ya kupeleka redioni, akaanza kueleza ugumu wake.

"Sitaki redio," shangazi akasema. "Nataka nikae kitako kama watu wengine, nimsikie huyo wanayemsema."

Fundi akasema Jumamosi. Meneja wa shamba alikubali jenereta liwake mpaka saa kumi na moja jioni. Mzee wa Hirbadaw akapita Katesh akanunua kaseti mpya, moja. Mimi nikapewa kazi ya nobu, na nilipoisikia kazi yangu ikitajwa mbele ya kwaya nzima niliangalia viatu vyangu mpaka nikavijua vizuri.

Mazoezi yalikuwa Alhamisi, ndani ya ghala. Mavuno yalikuwa yanaanza tu na ghala lilikuwa na magunia machache upande mmoja. Wimbo ulikuwa wa shangazi mwenyewe. Yeye anauliza, kwaya inajibu. "Nani aliyeleta mvua?" Kwaya: "Ni yeye, ni yeye." "Nani aliyenyoosha ngano?" "Ni yeye, ni yeye." Ni wimbo wa haraka, wa kupiga makofi, hata watoto waliuweza.

Fundi akakaa kwenye kinanda, mimi kwenye kisanduku. Shangazi akauliza, "Nani aliyeleta mvua?" Spika ikarudia: aliyeleta mvua, leta mvua, mvua. Kwaya kimya. Walisimama wima, mikono mbele, macho chini, wote kumi na mmoja. Mwangwi wa mwisho ulipokwisha kabisa, wakavuta pumzi, ndipo wakajibu, "Ni yeye, ni yeye." Shangazi akauliza la pili. Spika ikarudia. Wakasubiri.

Wimbo wa mavuno ukawa wa kuzika mtu.

Fundi akasimamisha. Akawaambia wajibu mara tu shangazi anapomaliza. Walikubali wote, walitikisa vichwa. Tukaanza tena, na ikawa vilevile. Fundi hakuelewa, alivua kofia kwa mara ya kwanza. Mimi nilielewa, kwa sababu ni wa kwetu. Kwetu mkubwa akiwa anaongea huingii kwenye maneno yake. Unasubiri neno la mwisho litue, unaliachia pumzi moja, ndipo unajibu. Mtoto anayekatiza anaulizwa kama ana ng'ombe wanaotoroka. Na pale ghalani sauti iliyokuwa inarudi ilikuwa ya shangazi, kiongozi wao, mama wa watu. Kama alikuwa bado hajamaliza, wao ni nani wamkatize? Mzee wa Hirbadaw alipoulizwa alisema moyo wake unajua kwamba ni mashine, lakini koo lake linakataa.

Shangazi mwenyewe alikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anajisubiri.

Ijumaa nilishinda na jambo hilo kichwani. Sikumwambia mtu. Nilichora maikrofoni, kisanduku, spika na redio kaseti, nikachora waya kutoka hiki kwenda kile, nikafuta, nikachora upya. Mchana nikampelekea fundi karatasi badala ya maneno. Nilikuwa nimeigawa njia ya sauti iwe mbili. Sauti ya maikrofoni iende kwenye spika ikiwa kavu, kama ilivyotoka mdomoni. Iende pia kwenye kisanduku, lakini kisanduku kisielekee kwenye spika, kielekee kwenye redio kaseti tu. Kwaya wasiusikie mwangwi hata kidogo. Kaseti ndiyo iusikie. Fundi alitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema, "Mwanangu wee, nani kakufundisha?" Nikasema chakula cha baba kinapoa.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Jumamosi, kwaya ilipoimba, wimbo ulikuwa umerudi kuwa wenyewe, haraka, makofi, vumbi la ngano linaruka sakafuni. Mimi nilikuwa nimevaa spika ndogo za masikioni za fundi, na peke yangu nilikuwa nasikia kinachoingia kwenye kaseti. Na nilikuwa na saa zangu kwenye daftari, nilizozichora vizuri kabisa: kidogo hapa, kidogo pale. Lakini mkono wangu ukatoka kwenye daftari. Niliona nikiongeza kidogo inapendeza. Nikaongeza. Sauti ya shangazi ikapaa, ikajaa, ikawa ya watu watatu, ikawa kama ya kanisa kuu ambalo sijawahi kuliona. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka watu waulize, nani amefanya hivi? Nilitaka wanitazame. Nikazungusha nobu zote tatu mpaka zilipogoma.

Saa kumi kasorobo tulimaliza. Fundi akarudisha kaseti nyuma. Kwaya wakakaa juu ya magunia, na shangazi akapewa kigoda, mbele, karibu na redio. Akajifunga khanga yake vizuri, akaweka mikono magotini. Baba alikuwa amekuja na mafuta yake ya grisi mpaka viwikoni, akasimama mlangoni.

Ikaanza. Ilikuwa kubwa. Watu wa kwaya walitazamana, mmoja akasema he. Fundi alikuwa anatingisha kichwa kwa raha. Mimi nilikuwa namtazama shangazi tu. Hakusogea. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Wimbo ukaisha, mwangwi ukaendelea, shangazi akasubiri mpaka ukaisha nao. Ndipo akasema kwa adabu zote:

"Anaimba vizuri. Ni nani huyo?"

Hakuna aliyecheka. Hakuwa anatania. Fundi akamwambia ni wewe mama, ni wewe mwenyewe. Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa zawadi ya gauni lisilomtosha na anaona aliyelileta ametoka mbali. Akasema ahsante fundi, Mungu akubariki, umetupa muda wako. Akaanza kusimama.

Nilijua mambo mawili. La kwanza, kwamba shangazi hatalalamika kamwe, atakwenda nyumbani amekunja khanga yake, na Jumatatu lori litaondoka, na atakufa bila kuisikia sauti yake. La pili, kwamba mtu pekee anayejua kwa nini ni mimi. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua.

Nikasema, "Shangazi, kaa kidogo."

Nadhani nilisema. Haikutoka vizuri. Mzee wa Hirbadaw akainua mkono na kuwaambia wenzake mtoto amesema kitu. Na wote wakanyamaza. Wakanitazama, halafu kwa heshima wakatazama chini, wakasubiri. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema, hakuna ambaye angeingia mpaka nimalize. Ghala zima lilikuwa linanisubiri, na mimi sauti yangu nobu yake iko kulia kabisa. Jenereta lilikuwa linanguruma nje. Wakasubiri tu, hakuna aliyekohoa.

"Ni mimi niliyekuficha," nikasema. "Nilizungusha mno. Wewe upo, lakini uko chini ya haya yote. Nilitaka niambiwe nimefanya vizuri."

Shangazi akakaa tena kwenye kigoda. Kisha akauliza swali moja: kama mimi ninaweza kumtoa huko chini. Nikasema kwenye hii kaseti hapana, chumvi ikishaingia kwenye mchuzi haitoki, lakini kuna upande wa pili. Akamgeukia fundi akauliza saa. Fundi akasema saa kumi na robo. Shangazi akasimama, na safari hii hakuwa anaondoka.

Fundi hakuwa na raha. Nilipochomoa kisanduku alisema sauti bila mwangwi ni wali bila nazi. Mzee wa Hirbadaw akamjibu kwamba huku kwetu nazi haioti, na hatujafa. Kila mtu akacheka, fundi kuliko wote, na kile kicheko kilitusaidia. Nikaingiza maikrofoni moja kwa moja kwenye redio kaseti. Nikamwomba shangazi arudi nyuma hatua mbili, maana akiwa karibu pumzi yake inapiga maikrofoni kama ngumi. Nilimwambia mtu mzima asogee, na akasogea. Kwaya nikawapanga nyuma yake, mzee wa besi katikati, mbali na ukuta wa bati. Kinanda nilikiacha, lakini nobu ya kuingia niliipeleka kulia na ya kuaga katikati, ili noti za fundi zisimpige shangazi mgongoni, zije taratibu, zimkute anaimba, zimshike. Ile nobu ya kufungua sauti niliiweka saa mbili kasoro, blanketi karibu zima. Nilikuwa nasoma daftarini na mkono haukutoka nje ya daftari.

Waliimba. Masikioni mwangu ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Ilikuwa na mlio wa jenereta kwa mbali. Ilikuwa na mtoto aliyelia mara moja nje. Kulikuwa pia na mwangwi kidogo, siwezi kuficha, ule wa ghala lenyewe, bati na sakafu na magunia machache, lakini ule kwaya walikuwa wameuzoea kama watu wanavyozoea nyumba yao, hawakuusubiri. "Nani aliyenyoosha ngano?" Na kabla neno halijapoa: "Ni yeye, ni yeye." Baba mlangoni alikuwa anapiga makofi na ile grisi yake.

Dakika tano kabla ya saa kumi na moja fundi alibonyeza kurudisha. Shangazi akarudi kwenye kigoda. Safari hii hakuweka mikono magotini, aliinama mbele, sikio karibu na redio, kama anayesikiliza kifua cha ndama mgonjwa.

Kinanda kikaja kwa mbali. Halafu mtu akavuta pumzi ndefu, ya wazi kabisa, na shangazi kwenye kigoda akavuta pumzi ileile pamoja naye. Akashtuka. Akaweka mkono mdomoni. Sauti ikauliza nani aliyeleta mvua, na yeye akawa anaitikia kwa midomo tu. Kwenye ubeti wa tatu, pale anapopanda juu, kuna mkwaruzo mdogo kooni mwake ambao sisi wote tunaujua, ndio tunaoungoja. Alipousikia akacheka kwa sauti, akamgeukia mama akamwambia kumbe ndiyo hivyo, kumbe navuta pumzi kwa kelele hivi na mmeninyamazia miaka yote. Mama akasema tulidhani unajua. Machozi yalikuwa yanamtoka shangazi na anacheka, na kwaya ikaanza kucheka naye, wanapigana mabegani, na hakuna aliyesubiri mwenzake amalize.

Jenereta likazimwa. Redio ikanyamaza katikati ya "ni yeye". Kwa sekunde moja kila mtu alisimama kama alivyo. Halafu fundi akauliza nani ana tochi, na watu wakaanza kufungua tochi zao na kutoa betri, mzee wa Hirbadaw akasema atarudi nyumbani kwa kunusa njia. Tukazipanga sita nyuma ya redio. Tukaihamishia nje, upande wa ghala usio na upepo, juani, tukaiweka juu ya gunia.

Shangazi alikaa chini kando yake, miguu ameinyoosha mbele, kama wanawake wanavyokaa kazi ikiisha. Alisikiliza wimbo wote mara ya pili, kimya.

"Huyo mama," akasema ulipoisha, "ningemsikia njiani nisingepita. Ningesimama."

Akaniomba nirudishe tena. Nilipoinama kubonyeza, akanishika mkono akasema hapana, nionyeshe. Nikamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma na kile cha kuimbisha. Vidole vyake vilikuwa na sugu za kazi na vitufe vilikuwa vidogo, cha kwanza alikikosa mara moja, kisha akakipata. Cha pili akakibonyeza kwa nguvu zake zote, kaseti ikazunguka, naye akaisogeza redio karibu na paja lake.